Stevia Kwenye Makopo ya Rangi

Mafundi wenzake ndio waliombandika jina la Msasa, likamkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Kabla hajagusa brashi aliusugua ukuta kwa msasa mpaka vumbi likamjaa kwenye nyusi, na mwenye nyumba akija kusema panatosha, alijibu bila kugeuka, "Panatosha kwa macho. Pitisha kiganja." Watu nao aliwasugua hivyohivyo. Akishikilia jambo hakuliachia mpaka ling'ae au litoboke. Mkewe, aliyekuwa msusi na kusukia wateja wake kibarazani, alikuwa ameshamzoea. Siku za amani alimwita Msasa kama walimwengu wote. Siku za hasira alimwita bwana mkubwa.

Kisukari kilimnyemelea mke huyo taratibu. Kilianza na kiu isiyokatika, yakafuata macho kuona ukungu akichambua nywele, kisha kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikapata kidonda kilichogoma kupona. Walipokwenda kliniki walikuwa wamechelewa, kidole kikakatwa. Akarudi nyumbani na mkongojo, kipimo cha damu cha kutoboa kidole, na sindano za insulini za kujichoma asubuhi na jioni. Muuguzi wa kliniki, mama mnene mwenye sauti ya kunyamazisha darasa, aliwakalisha wote wawili akawaeleza mambo mengi. Msasa alitoka pale ameshika neno moja tu, sukari. Sukari imekula kidole cha mke wangu, alijisemea, na hayo mengine yote yakapita kama upepo.

Mwezi huohuo alipata kazi ya kupaka nyumba moja yenye bustani kubwa. Mtunza bustani alichuma jani dogo lenye meno pembeni akampa.

"Tafuna."

Msasa akatafuna, akasimama na brashi mkononi. "Umelipaka asali?"

"Nilipake asali kwa nini? Linaitwa stevia. Tamu hivyo hivyo, na haipandishi sukari mwilini."

Jioni ile Msasa alirudi nyumbani na vipandikizi vitatu vilivyofungwa kwenye gazeti bichi, amevikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa na makopo matupu ya rangi uani, akayakwangua, akayachoma moto, akayatoboa matundu chini, akayajaza udongo uliochanganywa na mchanga na samadi. Kipandikizi kimoja kilikufa. Viwili vikashika. Baada ya miezi minane alikuwa na makopo ishirini na sita yaliyojipanga ukutani kama askari wa gwaride. Alijua kila kopo na tabia zake. Alijifunza kukata matawi kabla maua hayajachanua, maana yakishachanua jani huwa chungu. Alijifunza kuyakausha kivulini juu ya wavu, kuyatwanga, kuyachekecha kwa kitambaa, na kuuhifadhi ule unga wa kijani kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Mwanzoni alitia kijiko kizima kwenye chai. Mkewe alipiga funda moja akatema dirishani.

"Bwana mkubwa, hii ni chai au dawa ya minyoo?"

Alicheka yeye, akacheka na mumewe, na kwa siku chache nyumba ilipata nafuu. Walipunguza mpaka ikawa ncha ya kijiko. Ladha ilibaki na kauchungu kwa mbali, kama kulamba bati, lakini ulimi huzoea. Chai, uji, maji ya ndimu, vyote vikawa vya stevia. Sukari ilifukuzwa nyumbani. Msasa mwenyewe aliacha kuitumia, na mgeni akiuliza, alipewa somo zima kuhusu stevia kabla ya kupewa kikombe.

Siku moja alikuwa akitafuta uzi kwenye kikapu cha vitana vya mkewe. Chini kabisa, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akakuta sukari. Vijiko vitano au sita hivi. Damu ikampanda.

"Hii nini?"

Mkewe alikuwa kwenye kigoda akipanga nywele za bandia kwa rangi. Hakushtuka. "Ya dharura hiyo. Muuguzi alisema niwe nayo karibu siku zote. Sukari ikishuka ghafla, ndiyo itakayoniokoa."

"Ikishuka? Tunahangaika mwaka mzima ishuke, leo unaogopa ikishuka?"

"Msasa, ulikuwepo akituambia."

"Kila mlevi ana chupa yake ya dharura."

Neno hilo lilimkata mkewe. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga nywele. Msasa akatoka uani, akafungua fundo, akamwaga sukari kwenye karo na kuifuatishia maji ndoo nzima. Hakuiona sura ya mkewe, maana alikuwa amempa mgongo. Wala mkewe hakuweka nyingine. Labda alichoka kusuguliwa.

Kliniki iliyofuata, vipimo vilikuwa vizuri mno. Muuguzi alilifunua daftari kurasa tatu nyuma, akavua miwani.

"Mmefanya nini nyie?"

Msasa akaeleza habari za makopo kwa kirefu, kifua mbele. Muuguzi alimsifu, kisha akaweka sauti ya kazi. "Sasa sikilizeni. Kama sukari ya kwenye chakula imepungua hivi, dozi ya sindano nayo lazima ipungue. Hilo si langu, ni la daktari. Njooni Jumatano, msikose."

Jumatano Msasa aliitwa kupaka madarasa ya shule iliyokuwa inakaribia kufunguliwa. Mkewe asingeweza kupanda basi peke yake na mkongojo. "Basi twende wiki ijayo," Msasa alisema. "Mambo yanakwenda vizuri, haraka ya nini?" Mke akaendelea kujichoma dozi ileile ya siku zote.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, rangi ya nje haipakiki, Msasa akabaki nyumbani kupindua majani yake kwenye wavu. Mteja alifika mapema, mwalimu wa kike aliyetaka kusukwa kichwa kizima kabla ya adhuhuri. Mke alikuwa ameshajichoma sindano. Alimega mkate mara mbili, akauacha kwenye sahani, akaenda kibarazani.

Saa nne hivi yule mwalimu akaita. "Baba! Njoo umwone mama. Anasuka hewa."

Msasa alitoka mbio. Mwalimu alikuwa amesogea pembeni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka. Mkewe alikuwa bado kwenye kigoda, vidole vinachambua na kupishanisha, vinachambua na kupishanisha, na katikati ya vidole hakuna kitu. Jasho jembamba lilimtiririka mpaka shingoni, na baridi yote ile ya mvua.

"Mama, unanisikia?" Msasa aliuliza.

"Mkia wake mrefu," mkewe alisema. "Ushike vizuri."

Hapo maneno ya muuguzi yakamrudia Msasa, nusunusu: akitoka jasho na kutetemeka, mpeni kitu kitamu haraka. Kitu kitamu! Aliruka jikoni. Maji ya moto yalikuwa kwenye chupa ya chai. Alitia stevia ncha ya kijiko, akaongeza, akaongeza tena, akakoroga. Akamshika mkewe kisogo kama mtoto, akamnywesha kikombe kizima, funda kwa funda.

"Umetia sukari?" mwalimu aliuliza.

"Nimetia stevia. Tamu kuliko sukari mara mia."

"Lakini ni sawasawa na sukari?"

"Onja mwenyewe."

Mwalimu akaonja masalia ya kikombe, akakunja uso kwa utamu. "Mh! Kweli tamu." Basi wote wawili wakatulia roho, wakakaa kusubiri. Muuguzi alisema wangoje dakika kumi na tano kabla ya kumpa tena, hilo Msasa alilikumbuka barabara. Alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano zilipokwisha akatengeneza kikombe cha pili, kitamu zaidi ya cha kwanza, na mkewe akakinywa robo, chai iliyobaki ikamwagika kifuani. Kisha meno yakaumana, macho yakageuka meupe, na mwili ukaanza kurukaruka sakafuni.

Msasa akakumbuka kipimo. Alimtoboa kidole, akakosa damu, akamtoboa tena. Kipimo hakikuonyesha namba. Kilionyesha herufi mbili ambazo hakuwahi kuziona.

Mwalimu alitoka kwenye mvua na kichwa chake cha nusu, akapiga hodi nyumba ya tatu, kwa jirani mwenye gari la kubebea mizigo. Walimlaza mgonjwa nyuma, chini ya turubai, Msasa amempakata. Daraja la kwanza lilikuwa limefunikwa na maji, wakazunguka. Walipofika hospitali ilikuwa inakaribia saa saba.

Daktari alikuwa kijana, na alimuuliza huku akitafuta mshipa. "Mlimpa nini alipoanza?"

"Chai. Vikombe viwili. Tamu sana."

"Ya sukari?"

"Ya stevia."

Mikono ya daktari ilisimama kidogo tu, kisha ikaendelea. Baadaye alikuja kwenye benchi akakaa, akaongea polepole, bila ukali, na heri angefoka. Alisema sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno, hata kipimo cha nyumbani kikakosa namba ya kuonyesha. Stevia utamu wake unaishia ulimini, hakuna kinachoingia kwenye damu, na siku za kawaida ndiyo faida yake. Lakini mtu akianguka hivi huhitaji sukari yenyewe. Vijiko viwili au vitatu, nyumba yoyote huwa navyo, vingetosha. Ubongo ulikaa na njaa kwa muda mrefu.

"Nyumba yoyote," Msasa alirudia.

Binti yao wa pekee, karani wa stoo katika mji mwingine, alifika kesho yake na begi moja. Alimwangalia mama yake kwa muda, akatoka kumfuata baba yake kwenye benchi.

"Baba, niambie. Kwa nini hata kijiko kimoja cha sukari kilikosekana?"

Msasa angeweza kusema ilikwisha. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimweleza yote: kikapu cha vitana, fundo, karo, ndoo ya maji, na lile neno la mlevi. Alimweleza na habari ya Jumatano. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alisogea mwisho wa benchi, akaweka begi katikati yao.

Mama alifumbua macho siku ya tisa. Alirudi, lakini hakurudi mzima. Maneno yalimtoka moja moja, mengine hayakuwa ya pale. Alilishwa kwa kijiko. Vidole vilivyomlisha miaka ishirini havikuweza tena kufunga kifungo. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Msasa alimwogesha, akamvisha, akamchana nywele kwa mikono yake migumu mpaka alipoona machozi yanamtoka mgonjwa, akaacha. Muuguzi alikuja kuwatazama, akamwambia makopo yale hayana kosa, asiyang'oe, ila sukari isikose ndani. Msasa alimwitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshanunua pakiti nne, moja kila chumba.

Miezi mitatu baadaye binti alikuja na gari la kukodi. "Namchukua mama," alisema. "Kwangu kuna mtu wa kumtunza mchana." Msasa hakubisha. Alizifunga nguo za mkewe, akaandika kwenye karatasi saa za sindano na dozi mpya, akaikunja vizuri, akampa binti mkononi.

Kila Jumapili alipanda basi kwenda kuwaona. Mkewe alimpokea kwa adabu, kama anavyopokewa mgeni asiyejulikana vizuri. Jumapili moja alimtazama kwa makini, mikono yake, kucha zake zenye rangi isiyotoka.

"Umekuja kwa ajili ya ukuta?" akauliza.

Binti aliyekuwa mlangoni akageuza uso. Msasa akausogelea ukuta.

"Ndiyo, mama. Ukuta."

"Umechubuka hapa." Akaonyesha kwa kidole kilichopinda.

Jumapili iliyofuata alikuja na ngazi fupi na ndoo. Walimkalisha mgonjwa mlangoni ili harufu isimdhuru. Aliusugua ukuta ule asubuhi nzima, na mkewe akamtazama muda wote bila kuchoka, bila kujua ni nani.