Jibu Lililopitia kwa Grace

Jumapili ile mchungaji alisoma majina ya wachumba wengine wote, akashuka madhabahuni bila kuwataja Eliakim na Grace. Lingekuwa tangazo lao la mwisho kabla ya ndoa. Eliakim alidhani mchungaji amepitiwa. Akageuka kumtafuta mchumba wake upande wa kwaya, asimwone.

Alimkuta nyumbani kwao, katika kijiji cha Kwa Sadala, anachambua maharage barazani. Grace hakuinua uso.

"Mimi ndiye niliyeomba tusitangazwe," alisema. "Ungeniambia mwenyewe, Eliakim, ningekuelewa. Umeninyamazia mpaka tangazo la mwisho."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba huenda usipate mtoto. Dada yako Pamela alinieleza tangu Pasaka. Nimengoja nisikie kwako."

Eliakim alikaa chini palepale. Alitaka kusema hajui lolote, kikohozi kikambana, na kilipotulia Grace alikuwa ameingia ndani.

Kikohozi hicho alizaliwa nacho, na majirani zake wa Machame walikitambua hata kabla hajatokeza njiani. Utotoni alimezeshwa dawa za kifua kikuu bila kifua kikuu kuonekana. Mwaka uliopita Pamela, dada yake mkubwa, mtafiti katika maabara moja mjini Moshi, alimjia na ombi. Walikuwa wakichunguza jinsi protini za virusi vya mafua zinavyojishikiza kwenye silia, vinywele vidogo mno vinavyofagia makamasi puani na kifuani. Alimpitishia brashi nyembamba puani, na sampuli ikapelekwa nje ya nchi, kwenye darubini ya elektroni. Eliakim alipoulizia majibu wakati wa Krismasi, dada yake alimwambia, "Bado, mdogo wangu. Haya mambo yanachukua muda."

Kesho yake alishuka Moshi. Pamela alipomwona mlangoni alielewa, akafungua kompyuta bila kuombwa.

"Hii ni silia ya mtu asiye na tatizo, imekatwa kama unavyokata mgomba," alisema, akimwonyesha duara lenye vijiti viwiliviwili kuzunguka ukingo wake. "Hivi vimikono kwenye vijiti ndivyo vinavyoifanya icheze na kufagia." Akaleta picha nyingine. "Hii ni yako. Vimikono havipo, ndiyo maana kifua chako hakisafishiki. Na mkia wa mbegu ya kiume umejengwa hivihivi, kwa hiyo huenda mbegu zako haziogelei."

"Uliiona lini?"

"Novemba."

"Kwa hiyo Krismasi ulikuwa unajua."

Pamela alitazama meza. "Niliogopa utavunjika moyo. Wewe ndiye wa kurithi kihamba cha baba, shamba la ukoo, na kila mtu anasubiri watoto wako hapo. Nikaona Grace ana haki ya kujua, halafu atakwambia taratibu."

"Nilikupa wewe pua yangu uiangalie, dada. Nani mwingine anajua?"

"Mama."

Hapo ndipo alipokumbuka jinsi mama alivyoacha ghafla kumtania kuhusu wajukuu. Miezi yote hiyo alikuwa akila naye mtori wa ndizi, akieleza chumba atakachoongeza kwa ajili ya watoto, na mama akiitikia tu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Simama twende," alisema. "Ukamwambie Grace kwamba sikujua."

Pamela alikwenda. Alisema yote mbele ya Grace, na baba yake Grace akisikia. Grace alilia.

"Nakuamini," alimwambia Eliakim. "Ila nipe nafasi. Nimekuona mwongo tangu Pasaka, siwezi kuamka kesho nikiwa nimesahau."

Daktari wa hospitali alithibitisha ugonjwa, akamfundisha namna ya kutoa makohozi kila asubuhi. Kuhusu mtoto, alisema wanaume wengine wa hali yake huwa na mbegu zinazofaa, na asijihukumu kabla ya kupima. Siku ya kwenda kupima, Grace alimsindikiza, ingawa habari ya ndoa hakuna aliyeigusa njia nzima.

Simu za Pamela hakuzipokea. Mwezi uliofuata dada yake alipanda Machame na mfuko wa sukari na unga. Eliakim alikuwa bandani na ng'ombe.

"Shikamoo, dada," alisema, akaupokea mfuko.

"Marahaba. Kifua kinaendeleaje?"

"Muulize mama," alijibu. "Yeye huwa anaambiwa."

Akauweka mfuko mlangoni, akachukua panga, akaenda kukata majani ya ng'ombe.