Siku ya Kumkataza Bibi Lindqvist

Karla Tveit alikuwa amekatazwa kusema, na katazo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Leo wewe ni kivuli," Dwight, mkufunzi wa mbwa, alimwambia mlangoni mwa duka la vyakula. "Kivuli hakisemi. Ukimjibia binti yako hata mara moja, mtihani umekwisha na mbwa narudi naye kituoni."

"Nimeelewa."

"Wazazi wote huniambia hivyo."

Britta, mwenye miaka kumi na mitano, alishika kamba ya Murray, mbwa mweusi aliyefunzwa kumtuliza hofu ikimpanda, aliyevaa kizibao chekundu kilichoandikwa NIKO KAZINI, USINIGUSE. Miaka miwili walikuwa kwenye foleni ya kumpata. Mwaka mzima Britta hakuingia darasani. Akifika langoni mwa shule moyo humwenda mbio, vidole hufa ganzi, hurudi nyumbani akitapika. Tangu aanze mazoezi na Murray alikuwa ameingia maktaba mara mbili. Mara mbili! Leo akishindwa, foleni inaanza upya.

Waliingia. Dwight aliangusha soseji mbele ya pua ya mbwa. Murray aliitazama, akameza mate, akapita. Toroli likabamizwa rafuni. Murray hakugeuza hata sikio. Karla alifuata hatua tatu nyuma, kijasho kikimteremka mgongoni ingawa nje theluji ilifika magotini.

Likabaki jambo moja: mtu ajaribu kumgusa mbwa, na Britta amkataze kwa mdomo wake mwenyewe. Dwight alikuwa amempanga mfanyakazi wa duka. Lakini kabla huyo hajatokea, kutoka upande wa jibini akaja Bibi Lindqvist, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao, aliyembeba Britta siku ya ubatizo wake.

Huku kwao Minnesota mtu hakatai. Kumwambia mzee "usiguse", usoni, mbele za watu? Bora ukanyage theluji peku.

"Jamani, mbwa mzuri huyu! Njoo kwa bibi, kipenzi."

Mkono wenye glovu ukashuka kuelekea kichwa cha Murray.

Britta alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Shingo ikamwiva nyekundu. Murray akamwegemea miguuni kwa uzito wake wote, kama alivyofundishwa, lakini Karla alikwisha kuona vidole vya bintiye vikitetemeka, na ulimi ukamponyoka:

"Samahani sana, Bibi Lindqvist, mtoto hajisikii vizuri, lakini mguse tu kidogo, hana neno..."

Dwight akafunga faili lake. "Basi. Poleni. Britta, nipe kamba."

Karla alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sitoi," alisema Britta.

Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ilikuwa yake.

"Sheria ni sheria, binti."

"Anayetahiniwa ni mwenye mbwa. Mama si mwenye mbwa. Mimi sijashindwa, nilikuwa natafuta neno. Mtoe yeye nje, uanze tena."

"Britta, mwanangu..."

"Mama, nenda kwenye gari. Tafadhali. Unanipumulia shingoni tangu tuingie. Ukiogopa wewe, mimi naogopa mara mbili."

"Na mimi je?" Bibi Lindqvist aliuliza. "Nimekosa nini?"

Dwight akafungua tena faili lake. "Wewe baki, bibi. Uwe msumbufu vilevile."

"Msumbufu? Mimi?"

Karla alitoka. Ndani ya gari pumzi yake ilifunika kioo kwa ukungu. Akaufuta kwa mkono, ukarudi, akaufuta tena. Kupitia dirisha kubwa la duka aliwaona kama watu walio chini ya maji. Glovu ya Bibi Lindqvist ikashuka. Britta akasimama wima, akiwa ameikamata kamba kwa mikono miwili. Kisha midomo ya Britta ikatikisika.

Glovu ikarudi kifuani haraka, kana kwamba imeungua. Uso wa bibi ukavimba.

Mkono wa Karla ulikwisha shika kitasa. Akaombe radhi, aeleze, apooze! Akauondoa. Akaikalia mikono yake yote miwili, akauma mdomo, akamtazama Dwight akiandika.

Walipotoka, kamba ya Murray ilikuwa bado mkononi mwa Britta, naye alikuwa akilia. Alifungua mlango wa nyuma, Murray akaruka ndani, naye akaingia akajilaza juu ya manyoya yake.

"Nimetetemeka, mama."

"Nimekuona."

"Bibi Lindqvist kakasirika. Jumapili baada ya ibada atatunyima kahawa."

Karla aliwasha gari. Mikono yake bado ilikuwa na ganzi.

"Basi tutainywa nyumbani," alisema.