Mlango Uliofungwa Mchana

Kule Lizaboni, mtaa wa Songea, mlango wa chumba haufungwi mchana ila kwa mambo mawili: ndani kuna mgonjwa, au kuna mtu kanuna. Kwa hiyo nyumba ya Bibi Lidwina ilipoanza kuwa na mlango uliofungwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, watu waliona, na walioona hawakukosa la kusema.

Nyuma ya mlango huo alikaa Noela, mjukuu wake, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta mgongoni. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu walionunua taa za sola zikagoma kuwaka. Kampuni ilimruhusu afanyie kazi Songea kwa majaribio, kwa sharti moja: wateja wasisikie kelele za nyumbani. Alishaonywa mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la jogoo. La pili lilikuwa la Bibi mwenyewe, aliyefungua mlango kuuliza chumvi imewekwa wapi. La tatu ni kurudi Dar.

Na Bibi hakutaka arudi. Tangu Noela aje, ugali wa nyumba ile ulikuwa na mtu wa pili wa kuumega. Msichana naye alinawiri. Hakuna foleni ya asubuhi, hakuna kulala na njaa kwa uchovu. Kilichomkera ni kimoja: kwa kuwa yuko nyumbani, kila mtu alimhesabu hana kazi. Noela, kaanue nguo. Noela, kuna mgeni, njoo umwamkie. Na aliyemtuma kuliko wote alikuwa bibi yake.

Jumatano hiyo Bibi alikuwa uani, nyuma ya nyumba, akipukuchua mahindi. Mikono ikiwa na kazi ya kurudiarudia, moyo husafiri. Ulimpeleka barazani kwake, enzi za cherehani, magauni ya komunyo yamejaa kitandani mpaka hapana pa kulala. Watoto wake walikaa chini wakiokota vipande vya vitambaa, naye akikanyaga cherehani huku akiwategea vitendawili. Aliyeshindwa alitoa mji, na ikifika jioni mama yao alikuwa tajiri wa miji yote, Mbinga mpaka Tunduru.

Jioni hizo mumewe Kajetani, Mungu amrehemu, alirudi kutoka kiwandani, akaegemeza baiskeli ukutani, na kila apitaye akampa pole na kazi. Yeye aliyeshona tangu alfajiri, uji unachemka na mtoto yuko mgongoni, aliulizwa tu, "Mama Osmund, upo?" Naye akajibu, nipo tu. Miaka thelathini, nipo tu. Lakini siku zile alizipenda. Hakuna mtoto wake aliyepiga hatua ya kwanza asimwone.

Ndipo akasikia wimbo.

Wanajumuiya wa kanisani kwao, kama kumi hivi, walikuwa wanaingia mbele ya nyumba na wimbo wa kufariji wagonjwa, rozari mikononi. Aliwatangulia Mzee Pankrasi, mwenyekiti, na mkewe Dorine mwenye bakuli la mayai. Jumapili, wakitoka kanisani, Dorine alikuwa amemuuliza Bibi: huyu mtoto vipi, mbona haonekani, na anasikika akiongea peke yake? Bibi hakujua aanzie wapi kueleza, akajibu, "Anapumzika tu." Dorine akaenda akayapima hayo. Binti katoka mjini, kajifungia, anaongea peke yake, anapumzika. Jumuiya gani ingemwacha mgonjwa wa namna hiyo?

Kukatiza wimbo wa dini ni jambo ambalo Bibi Lidwina hakuwahi kulifanya tangu abatizwe. Aliinuka, mahindi yakamwagika, akazunguka nyumba upesi kuliko magoti yake yalivyotaka, akasimama mbele ya Pankrasi na kuinua kiganja. Wimbo ukafa sauti moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya Dorine, aliyekuwa amefumba macho.

"Njooni uani," alinong'ona. "Polepole. Vueni viatu."

Wakavua. Walikaa kwenye mikeka kando ya mahindi wakimtazama, kama watu waliogundua kwamba mgonjwa ni mwingine. Bibi akashika njia aliyoizoea.

"Kitendawili."

Mzee Pankrasi alisita, lakini mdomo wa mtu wa umri ule haukatai. "Tega."

"Yumo ndani, na hayupo."

"Mgonjwa aliyezidiwa," akasema mmoja.

"Mlevi," akasema Dorine, akimtupia mumewe jicho.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

Wakampa Mbinga, akakataa. Wakampa Tunduru, akakataa. Mwisho wakampa Songea yote, na Lizaboni yake ndani.

"Ni mjukuu wangu," akasema. "Haumwi. Yuko kazini. Mwili uko chumbani, masikio yako kwa watu wa mikoa yote. Niliwaambia anapumzika kwa sababu hata mimi nilimwona amekaa tu. Mimi, niliyewashonea watoto wenu magauni ya komunyo nikiwa nimekaa pale barazani."

Pankrasi alichukua hindi, akaanza kupukuchua. Wengine wakafuata, kimya kimya, mpaka saa kumi.

Mlango ulipofunguka, Noela aliwakuta wazee kumi wako pekupeku na mahindi yamekwisha. Akawaamkia shikamooni, kisha akamgeukia bibi yake.

"Wimbo ulisikika, Bibi."

Lidwina alishika kiuno. "Unarudi Dar?"

Noela alieleza kwamba msimamizi husikiliza simu zilizolalamikiwa tu. Aliyekuwa hewani ni Mzee Bakili wa Mbesa, na wimbo ulipokatika upesi vile, alicheka tu akasema majirani wasalimiwe. Ungefika ubeti wa pili, hapo asingekuwa na la kujitetea.

Dorine akasema mayai ya mgonjwa hayarudi nyumbani, akaenda kuyachemsha. Bibi alimvutia mjukuu wake kigoda, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza tangu aje:

"Haya, leo kazini kulikuwaje?"

Noela akasimulia. Huyo Mzee Bakili taa zake zilikuwa haziwaki wiki nzima. Walikagua nyaya, wakakagua betri, mpaka ikajulikana kwamba kwa kuogopa wezi alikuwa ameiweka paneli ya kunasa jua ndani, chini ya kitanda.

Wote uani wakacheka, na Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mzee Pankrasi alicheka kidogo kuliko wenzake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, kwani paneli hasa huwekwa wapi.