Wiki Nzima Bila Filamu

Siku ya mwisho ya safari, Thuo aliamka na hotuba kichwani. Alikuwa ameitunga kwa siku tano, na ilianza hivi: "Mabibi na mabwana, kwa masikitiko makubwa…" Mpango ulikuwa kwamba wenzake watatu wakishakusanyika, angefungua kamera ya baba yake na kuwaonyesha kilichomo. Ndani hamkuwa na kitu.

Tangu Jumapili Thuo alikuwa mpiga picha rasmi wa msafara, na tangu Jumapili hakukuwa na filamu. Siku ya kwanza alisahau kuinunua, huo ndio ukweli. Lakini alipoinua kamera mjini, Hemed, ambaye siku nyingine husimama kama watu wote, alipinda mguu mmoja, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akatazama mbali kama mgombea urais. Thuo akaona amepewa zawadi ambayo ni dhambi kuikataa. Alisomea shule ya bweni huko Nyeri, akatoka na cheti kizuri pamoja na barua tatu za kutumwa nyumbani, moja ikihusu mbuzi na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Mtu wa malezi hayo haachi nafasi impite.

Wote wanne walisoma chuo kimoja Mombasa. Likizo ya Agosti, mwaka wa 2003, Thuo na Rael, ambao kwao ni Nairobi, waliwaalika Hemed na binamu yake Salme waje wiki moja. Hemed alilala kwa kina Thuo, Salme kwa kina Rael, mtaa wa Woodley. Basi la kurudi Mombasa lilikuwa la saa saba mchana. Mizigo ilikuwa imetangulia kwa gari la babake Rael, na Salme akaomba waende mjini kwa miguu.

Walikutana langoni kwa kina Rael. Thuo akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana…"

"Ngoja," Salme akasema. "Nina neno mimi kwanza." Akakaza ncha za mtandio wake. "Chuo sirudi. Baba amepata kazi Maskati. Twahama sote, Alhamisi."

Hemed akatazama viatu vyake, alikuwa akijua. Rael akashika mdomo.

"Aki Salme! Na ukanyamaza wiki mzima? Kwetu? Kwa kitanda yangu?"

"Ningesema Jumapili mngenililia hadi leo. Nilitaka wiki ya kucheka." Akamgeukia Thuo. "Haidhuru, picha si zipo? Utanitumia zote. Nitazibandika ukutani huko, nyumba nzima."

"Na wewe ulikuwa wasemaje?" Hemed akamuuliza Thuo. "Mabibi na mabwana nini?"

"Tusichelewe," Thuo akasema.

Hotuba ikafa hapo hapo langoni, bila mazishi.

Walipanda Barabara ya Ngong chini ya wingu zito la Agosti. Rael na Hemed walitangulia wakibishana kuhusu baridi. Thuo alitembea nyuma, kamera ikimning'inia shingoni nzito kama tofali. Darasani Salme alikuwa akikaa mbele yake. Thuo akitoa mzaha, darasa lote hucheka papo hapo, lakini Salme hucheka baadaye kidogo, kana kwamba ameukagua kwanza akaupitisha. Kwa muhula mzima Thuo alikuwa akizungumza na watu arobaini huku akingojea kicheko kimoja. Sasa kicheko hicho kilikuwa kinapelekwa Uarabuni, naye hakuwa na hata kipande cha karatasi chenye uso wake.

Walipofika kwenye maduka ya Adams Arcade akasema anaenda haja. Alikimbia hadi duka la picha, akanunua filamu ya picha thelathini na sita, akaiweka akiwa ameinama nyuma ya kabati la fremu. Alirudi na uso wa askofu.

"Kwa amri ya ofisi yangu," akatangaza, "picha zote za wiki hii zitarudiwa."

"Zirudiwe kwa nini?" Hemed akauliza.

"Akiba. Hata serikali huweka nakala mbili. Leta ile ya mguu."

Hemed alipinda mguu, lakini miwani ilikuwa kwenye sanduku, na bila miwani alionekana kama mtu aliyeingiwa na mchanga kiatuni. Rael alitabasamu mara mbili, mara ya tatu akakataa.

"Zii, Thuo. Mashavu yanauma. Hiyo furaha ilikuwa ya Jumatatu, leo imeisha."

Walipofika Upper Hill alikuwa amepiga picha nne tu, zote za watu wenye haraka. Kila alipomlenga Salme, Salme alikuwa ameshageuka kutazama maghorofa. Mwisho Salme alipunguza mwendo, akabaki naye nyuma.

"Umeiweka saa ngapi?" Salme akauliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Filamu."

Thuo alitazama mbele, kisha nyuma, kama mtu anayetafuta mwalimu wa zamu.

"Hicho kifundo cha kushoto, hapo juu ya kamera," Salme akasema. "Kukiwa na filamu, ukivuta kipini cha kulia, cha kushoto nacho huzunguka. Ami yangu ana studio ya picha Mwembe Tayari, nimekulia humo. Wiki nzima hakikuzunguka. Tangu tulipotoka Adams Arcade chazunguka."

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na ukaendelea kusimama nikupige?"

"Ebo! Mbona nisisimame?" Alitembea hatua kadhaa kabla ya kuendelea. "Wewe Thuo, ukimtazama mtu hivi hivi, dakika haiishi hujazua kichekesho. Lakini ukiwa na hiyo kamera usoni, ulikuwa wanitazama umenyamaza."

Thuo aliinamia kifundo cha kushoto kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

"Nipe," Salme akasema, akanyoosha mkono.

Akaichukua kamera. Kuanzia hapo hadi Uhuru Park, na kutoka Uhuru Park hadi katikati ya mji, yeye ndiye aliyepiga. Alimpiga Rael akitafuna mahindi ya kuchoma, na Hemed akiogopa kuvuka barabara. Alimpiga Thuo kando ya ziwa la mashua, Thuo akigundua kwamba tangu azaliwe hajui mikono huwekwa wapi. Salme hakuharakisha. Alilenga muda mrefu, ameziba uso na kamera, naye Thuo akawa anatazamwa na mtu aliyenyamaza.

"Sasa zamu yangu," Thuo alisema kila mara.

"Bado."

Kwenye ofisi ya basi filamu ikaisha. Salme aliirudisha ndani ya mkebe wake, akaitoa, akaitia mkobani. Kamera akamrudishia Thuo.

"Ami ataisafisha kesho."

"Na mimi nabaki na nini?" Thuo akauliza. Alidhani swali limetoka kama mzaha.

Salme alikaza ncha za mtandio wake. Utingo akaita abiria wa Mombasa. Akapanda.

Basi lilipoanza kuondoka, kichwa cha Hemed kilichomoza dirishani, macho yamemtoka.

"Thuo! Ameniambia! Miguu yangu yote ile, bure! Laana yako wewe!"

Rael alicheka hadi akashika nguzo. Alipomaliza akamwona mwenzake hacheki, akamshika mkono wakaondoka. Walikuwa wamefika tena Uhuru Park Thuo aliposema:

"Jumatatu alivaa mtandio wa rangi gani?"

"Waridi."

"Samawati. Kando ya ziwa, upepo uliushika akaukamata na meno."

"Meno ndiyo. Lakini ulikuwa waridi, Thuo."

"Samawati!"

"Si nilikuwa hapo?"

Thuo alisimama. Kama kumbukumbu hii ingempotea siku ile ile, kufikia Desemba angebaki na nini? Kwenye kibanda cha simu kilichokuwa karibu alitumbukiza sarafu zote alizokuwa nazo na kupiga simu ya mkononi ya Hemed.

"Wapiga simu basi halijafika hata Athi River?" Hemed akang'aka. "Mwizi wa picha wewe!"

"Muulize Salme Jumatatu alivaa mtandio wa rangi gani."

"Mtandio? Una wazimu?"

"Hemed, tafadhali. Nakuomba, ndugu yangu."

Hemed hakuwahi kulisikia neno tafadhali kutoka kinywa kile. Kukawa na ngurumo ya basi, sauti mbili zikinong'ona.

"Asema useme wewe. Wewe ndiye mpiga picha."

"Mwambie samawati."

Ngurumo tena, ndefu.

"Anacheka," Hemed akasema.

"Anacheka ndiyo, au anacheka la?"

"Anacheka tu, bwana. Ndiyo kwanza aanza."

Thuo alibana simu sikioni kwa mikono miwili, akaziba sikio la pili kwa bega, akasikiliza hadi sarafu zikaisha.