Mililita Mia Tatu

Jumanne ni siku ya maji kule mtaa wa Satellite. Ratiba ndiyo inasema hivyo, na wapangaji wa ploti anayoisimamia Kitavi huipanga mitungi kwenye foleni kisha huendelea na shughuli zao, kwa sababu ratiba ni ratiba na mfereji ni mfereji. Jumanne hiyo, baada ya miezi miwili ya ukavu, mfereji wa uani ulikoroma, ukatema kutu, halafu ukaanza kutoa soda ya machungwa.

Ilitoka baridi, ina povu. Kavindu, mwenye kioski pale langoni, ndiye aliyekuwa mbele. Aliionja kwa kidole, akasema hii ni ile ya zamani ya chupa ya kioo, si haya maji ya rangi wanayouziwa siku hizi. Akajaza mtungi wake, akaondoka nao. Wengine nao wakajaza. Ukikaa miezi miwili ukiangalia mfereji mkavu, unachukua kinachokuja.

Sheria ilikuwa imeanza kazi jana yake. Serikali iliona watu wananenepa na sukari inawamaliza, ikaamuru soda isiuzwe kwa chombo kinachozidi mililita mia tatu. Sheria nzuri, sitaisema vibaya. Kavindu pia aliitii siku hiyo hiyo: alifunga chupa ndogo saba pamoja kwa mpira, akaziuza kwa bei ya ile kubwa ya lita mbili, akaziita Familia. Wateja walisema mzigo umekuwa mzito kidogo kubeba.

Sasa, kulikuwa na Namalwa wa nyumba namba nne. Huyu alikuwa karani wa serikali miaka thelathini, akastaafu, akabaki na pensheni na ugonjwa wa sukari. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na maji mengi. Soda, daktari alimwambia, aione kwenye matangazo tu. Maji ya chupa pale kioski yaliisha siku ya kwanza. Ya mkokoteni nayo yalikuja na povu. Ilikuwa Januari, na mvua hata haikuwa na dalili. Namalwa alibaki na chupa moja ya nusu lita, ameificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Aliipima kwa kijiko: kijiko kimoja kwa kila kidonge.

Alimwendea Kitavi kumuuliza maji yatakuja lini. Kitavi alimweleza bila haraka kwamba bomba lao linapitia kwanza kwenye kiwanda cha soda, na kiwanda hicho tangu kijengwe hakijawahi kukosa maji hata siku moja. Pengine huko wamechoka kuyatenganisha.

"Mama Sammy, maji ndio hiyo," akamwambia Namalwa. "Imekuja tu na sukari yake."

Maisha yakaendelea. Sare za shule zilikauka zikasimama zenyewe bila kamba. Ugali ulikuwa mtamu, na watoto waliumaliza bila kufokewa. Nyuki walishuka kutoka mashamba ya Mutuini, wakajipanga nyuma ya mitungi, na hakuna aliyewafukuza, maana walifuata foleni kuliko wapangaji wa ghorofa ya pili. Namalwa peke yake ndiye aliyekonda. Kiu ilimkausha ulimi, na jioni alianza kuona taa moja kama mbili. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha kwamba anaogopa.

Akavaa viatu vya ofisini, akaenda mjini. Ofisi ya maji ilimsikiliza vizuri, ikamwambia kinachotoka si maji, kwa hivyo si chao. Wakamtuma ghorofa ya tano, kwa watu wa afya. Huko afisa mmoja aitwaye Zadock aliandika kila kitu kwa herufi kubwa, akaahidi kuja Ijumaa. Kwa mshangao wa ploti nzima, Ijumaa alikuja.

Hilo tu ndilo lililowashangaza.

Zadock alikuja na jagi la kupimia. Alimkuta Kitavi akijaza mtungi wa lita ishirini, akapiga hesabu, akamwambia hayo ni makosa sitini na sita na ushee. Kisha akafunga kifaa kwenye mfereji: unatoa mililita mia tatu, unajifunga, unamngoja mtu mwingine. Kitavi aliuliza kuhusu nyuki. Zadock alifungua daftari, akaandika kwamba suala la nyuki litaangaliwa baadaye.

Kazi ilipoisha, Namalwa alimkaribisha ndani. Kwao Bungoma mgeni hatoki nyumbani kwa mtu na mdomo mkavu, hata kama mgeni huyo ametumwa na serikali. Akamwekea soda. Zadock akaisukuma kando kwa adabu. Alikuwa kazini, na tena hata yeye daktari alishamkataza.

"Nipe tu maji, mama," akasema. "Hiyo itatosha."

Namalwa alisimama pale mbele ya kabati. Angeweza kusema hakuna. Miaka thelathini na tano ya ndoa, wakwe, wachungaji, mabalozi wa nyumba kumi, hajawahi kumwambia mgeni hakuna. Akatoa kikombe cha maua, akaimimina ile chupa yote.

Zadock akanywa mpaka chini, akapangusa midomo.

"Hii maji ni tamu," akasema. "Kwangu Uthiru, mfereji unatoa ya limau."

"Na ya kunywa, mwanangu, itarudi lini?"

"Ya maji si ofisi yetu, mama."

Zadock alikuwa amebakiza swali moja kwenye fomu yake ya ukaguzi: Je, mpangaji ana maji safi ya kunywa? Zadock alikitazama kikombe kitupu. Alikuwa mtu mwaminifu. Akatia tiki kwenye Ndiyo, kwa wino, akampa Namalwa atie sahihi. Namalwa alizijua fomu hizo. Alizitia mhuri miaka thelathini. Akatia sahihi, akamsindikiza mgeni mpaka langoni.

Saa moja jioni alichukua kidonge chake na kikombe, akasimama kwenye foleni. Nyuki walimpisha, kwa kuwa ni mtu mzima. Mfereji ukakohoa, ukamjazia, ukajifunga wenyewe. Namalwa alikiinua kikombe kwenye mwanga akaangalia kipimo. Hakikuzidi hata tone.