Mwanamke wa Picha ya Kushoto

Dobi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki bafuni, mgongo umepinda kama mundu, akimtazama mwanawe wa mwisho ndani ya beseni. Mtoto alikuwa na povu kichwani na maji yalikuwa yameshapoa. Kumwosha alimwosha, kumtoa ndiko kulikomshinda. Kila alipojaribu kuinama, mshono uliopita tumboni kutoka nyonga hadi nyonga ulimvuta, na mrija wa kutolea maji ya kidonda uliotoka ubavuni ukamkumbusha kwamba kichupa chake hakijamwagwa.

Mlango ukasukumwa, akaingia yeye mwenyewe.

Yaani yeye wa kwenye picha. Pale kliniki alikopunguzwa tumbo, walikuwa wametundika picha zake mbili ukutani: ya kushoto imeandikwa KABLA, ya kulia BAADA. Aliyekuja ni wa kushoto. Alikuwa amejifunga pazia la kliniki, maana alipigwa picha akiwa na nguo za ndani tu, na machoni bado alikuwa na ule mkanda mweusi wa kumficha asitambulike. Kwa sababu hiyo alijigonga kwenye mlango, akasonya.

"Sogea, utafumua mshono," alisema.

Akainama bila shida, akamwinua mtoto na maji yake yote, akamlaza juu ya tumbo lake, lile tumbo la zamani, laini, lenye mikunjo. Mtoto hakuhitaji kuuona uso. Alilijua tumbo, akalala.

Jioni mume alirudi kutoka ghalani, akawatazama wote wawili, akavua viatu.

"Leo tuko wangapi mezani?"

"Mimi usinihesabu," alisema Kabla. "Karatasi haili."

Ikawa ndiyo desturi. Kliniki ikifungwa, Kabla anakuja, anabeba ndoo, anabeba mtoto, anakamua nguo. Alfajiri anarudi kwenye fremu. Dobi alimshukuru, lakini roho yake haikutulia. Maumivu angeyavumilia, maana amezaa watatu. Kilichomkereketa ni kwamba daktari alimuuliza anafanya kazi gani, naye akamjibu: nafua shuka za hoteli, nazibeba mbichi, beseni kwa beseni. Daktari akaitikia kwa kichwa, amefurahi. "Safi, mazoezi mazuri. Jumatatu utakuwa kazini." Jumatatu hiyo dobi hakuweza kuinua hata foronya. Hata wiki haijaisha, msimamizi alikuwa amemweka mtu mwingine kwenye beseni lake. Ile picha ya kulia, ambayo amesimama wima kama nguzo, alipigwa huku wauguzi wawili wakimshikilia kutoka pembeni. Mikono yao ilikatwa picha ilipochapwa.

Mdogo wake, ambaye hupaka watu rangi za kucha na aliyeolewa juzijuzi, alikuja jioni moja kumwona.

"Alhamisi ni zamu yangu kupunguzwa tumbo, dada."

Dobi akainua gauni, akamwonyesha mrija. "Hili ulilijua?"

"Mwili wako mbishi tangu utoto."

Kabla alikuwa kwenye kona, anakunja nepi. "Muulize daktari nani atashika kisu," alisema. "Mimi natazamana na cheti chake kila siku. Nikiinua kidevu nakiona kwa chini ya huu mkanda. Ni cha masikio na koo. Muulize utakaa muda gani bila kubeba kitu. Muulize kidonda kikifumuka usiku utampigia nani, maana simu ya pale naisikia inalia mpaka inachoka. Na ukishika mimba baadaye, muulize hilo tumbo litakuwaje."

"Sasa mnanisema wawili wawili. Hata mama hakunifanyia hivi."

"Kwani mtoto unamtaka au humtaki?" aliuliza dobi.

"Namtaka. Ndiyo maana nataka kujitengeneza mapema."

"Mdogo wangu, nani hupiga pasi nguo anayokwenda kuiloweka?"

Mdogo mtu akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini aliahidi kwamba atauliza.

Alhamisi dobi alimsindikiza, amepinda vilevile. Wanawake walijaa kwenye viti vya mapokezi. Juu yao, ukutani kwenye fremu, Kabla alikuwa anasema maneno yaleyale kwa sauti ya kawaida, nao wakimsikiliza kwa adabu, mikoba magotini. Daktari alitoka mwenyewe kumpokea mteja wake. Mdogo mtu akauliza kuhusu mimba.

"Hilo tutalizungumza likifika. Nani kakutia wasiwasi?"

"Picha ya dada."

Daktari akaitazama picha. "Picha haina taaluma ya tiba," alisema kwa upole.

"Daktari," alisema dobi, "mimi nilikwambia nabeba mabeseni."

"Dada yangu, unaendelea vizuri sana. Hebu nyooka kidogo."

Wanawake wote wakamgeukia. Dobi, ambaye alilelewa kumtii mwenye koti jeupe, akajaribu kunyooka. Kitu kikachanika ndani, kikawaka moto. Alipoweza kuinua kichwa tena, mdogo wake alikuwa ameshaitazama picha ya kulia, akauona ule mgongo ulionyooka, akaingia. Mlango ukafungwa taratibu, kama milango ya pale ilivyofundishwa.

Jioni walikuja wawili nyumbani kwa mdogo mtu, wamejifunga pazia moja. Yule mpya, wa picha yake ya KABLA, alikuwa na tumbo dogo la kawaida, ambalo halikuwa na kosa lolote. Alipapasa ukuta mpaka akafika jikoni, akaanza kuosha vyombo vya mwenyewe, aliyekuwa amelala kitandani akiomba maji.

Baadaye wakaongezeka. Kliniki ikifungwa, hutoka kwa mstari, wamejifunga mapazia na shuka za vitanda vya wagonjwa, kila mmoja ameshika bega la mwenzake kwa ajili ya ile mikanda ya macho. Mtaani watu huwapisha na kuwaamkia. Kila mmoja huachana na wenzake kwenye kona yake, akaenda kubeba mtoto wake.

Daktari hakulifumbia macho jambo hilo. Aliondoa mapazia yote, kisha akanunua fremu zenye vioo vinene. Siku hizi walio kwenye viti huona midomo tu ikicheza ukutani bila sauti, safu nzima, asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa ni wanawake waliolelewa vizuri, hudhani wanasalimiwa. Hutabasamu, huitikia kwa kichwa, na wakiitwa huinuka.