Mbwa wa Eda ya Chadia

Chadia alikuwa anapepeta mchele mlangoni pa jikoni pale shemeji yake Abibu alipoingia na mbwa mkubwa, kamba ameishika kwa mikono miwili. Alimnunua Mokambo, mpakani, kwa Wazambia wanaofuga mbwa wa kulinda mashamba. Kichwa cha mbwa huyo kilikuwa kama sufuria ya msibani. Jina lake Commandant.

"Mama Feza, minakuletea mulinzi," Abibu alisema. "Bezi, bale ba kuiba, banajua Rachid alikufa. Mwanamuke na mutoto peke yenu mu lupango ya kubwa hivi? Hapana."

"Aksanti, shemeji."

Alishukuru kwa mdomo tu. Mumewe Rachid alipougua, Abibu hakuleta hata kopo la maziwa. Leo huruma imetoka wapi?

Chadia alikuwa ndani ya eda ya mumewe, hatoki getini mpaka iishe. Lupango ile ya Makomeno, nyumba na uwanja wake, ndiyo mali pekee aliyoachiwa yeye na binti yake Feza. Ikienda, wao ni wa barabarani. Marehemu alilijua hilo, ndiyo maana aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyuma, upande wa barabara: PARCELLE HAIUZWI, yaani kiwanja hakiuzwi. Nusu ya mji imeandika hivyo, maana hapa watu huuza hata nyumba ambayo wenyewe wamelala ndani.

Commandant alikaa katikati ya uwanja, geti akalipa mgongo, uso akauelekeza kwenye nyumba. Muuza makaa aliingia, akatoka, mbwa hakutikisa hata sikio. Chadia akienda chooni, macho yalimfuata mpaka mlangoni.

"Mama," Feza alisema, "hii imbwa inachunga siye."

Jioni mbwa alikwenda nyuma, akainua mguu chini ya mparachichi. Chadia alilelewa na bibi wa Kasongo aliyeshika dini kwelikweli: mahali mbwa alipokojoa ni najisi mpaka paoshwe. Lakini ilikuwa kiangazi, mvua hakuna, na maji ya bomba hayakutosha hata kupikia. Basi akaondoa kamba ya nguo, akasogeza mbabula, jiko lake la makaa, karibu na nyumba.

Asubuhi ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama upande huu wa mparachichi. Ulikuja mzima, na kuvu lake, na vipande vya chupa juu yake. Chadia aliuangalia, akawasha mbabula, kisha akamtuma Feza azunguke nje.

"Maandishi ya papa iko palepale ku kibambazi," Feza alisema aliporudi. "Muparachichi iko inje. Baba mudogo iko pale na muntu mwenye kupima na kamba."

Ikawa hivyo kiangazi kizima. Mbwa akikojoa, Chadia anahama, ukuta unafuata. Commandant alinenepa kwa bukari, ugali wa nyumba ileile. Chadia akampigia Abibu simu.

"Shemeji, imbwa yako inakula lupango yetu."

"Imbwa haikulake udongo, Mama Feza," Abibu alijibu polepole. "Mumupe nyama."

Chefu wa mtaa aliitwa. Aligonga ukuta kwa kidole, akakwangua kuvu kwa ukucha, akazunguka nje akasoma maandishi.

"Kibambazi iko ya zamani, mama. Na haya maandiko ni ya bwana yako mwenyewe. Mupaka iko hapa."

Alikunywa chai, akamsifu mbwa, akaenda zake.

Mwishowe kikabaki kipande kimoja tu, chini ya dirisha la jikoni, mahali Chadia aliposali tangu aolewe. Commandant alikuja akainua mguu hapo pia, huku akimtazama usoni. Loo! Hasira ilimpanda Chadia.

"Leo sihami," alisema.

Akatandika mswala juu ya unyevu uleule, akasali magharibi. Alijua sala ile huenda isipokelewe. Alimwomba Mungu amsamehe najisi, kisha akamwambia wazi kwamba hapa ni kwake. Alipomaliza hakuukunja mswala. Aliweka mawe kwenye pembe zake, akaingia kulala.

Asubuhi jikoni palikuwa giza. Ukuta ulikuwa umefika dirishani. Feza aliwasha taa, wakachemsha chai.

Eda iliisha wiki ile. Chadia alivaa, akafungua geti kwa mara ya kwanza, akamkuta nje mwanamke mnene mwenye sura ya upole. Alikuwa Delphine, jirani mpya wa nyuma, aliyekuwa anajenga pale penye mparachichi, kwenye sehemu aliyouziwa na Abibu. Mkononi alishika mswala, umefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Mama, pole na musiba," alisema. "Hii mukeka yenu ya kuomba ilibakia kwetu."

Chadia aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru.